Folda za Waangalizi wa Theluji

Burulai alitunza seva ya barua pepe katika ofisi ya maporomoko ya theluji, mjini Osh. Siku moja waangalizi walioko milimani walituma onyo asubuhi, lakini kambi ya barabara, inayofunga njia theluji ikitishia, haikupata kitu. Barua zilikwama kwenye seva. Ili izipeleke mbele, seva ilipaswa kusoma maagizo yaliyo ndani ya folda ya kila mwangalizi, na kila ilipojaribu kuingia, ilifukuzwa na programu ya ulinzi.

Burulai akaipa ruhusa. Ikakataliwa. Akaipa tena, ikakataliwa vilevile. Simu ya kambi nayo haikushika.

"Zima hiyo programu ya ulinzi, seva iingie folda zote, tumalize," mkuu wake, Kubanychbek, alisema akiwa amemsimamia mgongoni.

"Kaka, ulinzi ukizimwa yeyote ataingia, na humo mna mambo ya watu. Vyeti vya hospitali, picha za watoto wao."

"Nani atapanda huku kuiba picha za watoto? Theluji haingoji, binti!"

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Lakini hakuzima. Akachimba mpaka akagundua kwamba folda zilikuwa zimehamishiwa diski mpya, na programu ya ulinzi bado ilijua mahali pa zamani tu. Akaiandikia mahali papya, folda za waangalizi tu. Ikakataa! Akapiga meza, chai ikamwagika. Kumbe sheria mpya haina nguvu mpaka folda zenyewe zibandikwe upya alama ambayo programu hiyo huisoma. Akazibandika. Barua zote zikatoka kwa mkupuo.

Haukupita muda, laini ya simu ikarudi, Zamirbek wa kambini akapiga.

"Nyie mna wazimu? Onyo linaingia sasa hivi, na theluji imeshashuka!"

"Kuna aliyeumia?" Burulai aliuliza.

"Hakuna. Niliona upepo umegeuka, nikafunga barabara mwenyewe. Ningewangoja nyie, sasa hivi ningekuwa nafukua madereva." Akakata.

Kubanychbek alikuwa amesikia yote. "Nilikwambia ufungue zote."

"Na mimi ungeniambia kwamba mmehamisha folda. Ni nani aliyezihamisha, kaka?"

Mkuu alichukua kofia yake. "Tulikuwa na haraka," akasema, akatoka kwenda kula.