Dhiraa Kumi na Saba

Filamu mbovu mimi huijua kwa mikono yangu. Nauza asumini nje ya ukumbi wa sinema hapa mjini Usilampatti, na nikiingia kutazama naingia na kikapu changu, natunga maua gizani bila kuviangalia vidole. Filamu ikinoga, mikono inasahau kazi. Ikiwa mbovu, shada linarefuka. Mwaka ule nyota wetu wa sinema, Senthooran, alipoigiza mpiga pasi wa mtaani, anayetembea vijiji vitatu kumrudishia mjane shati la marehemu mumewe, nilitoka na shada la dhiraa moja na nusu tu, na kikapu kizima cha maua yaliyonyauka. Nilikuwa na mimba ya binti yangu Poongodi. Nililia mpaka kwikwi ikanishika, na kesho yake nikarudi. Katika filamu ile hakuuawa mtu. Hata kuku hakuchinjwa.

Si kwamba mimi ni mjuzi. Sijui nani kaongoza wala nani kashika kamera. Nalipa, nakaa, natazama. Ile ya mzimu ambao kila ukitaka kumnyonga mtu unacheza dansi kwanza, dhiraa tisa. Ile ya daktari anayeponya wagonjwa kwa kuwakaripia, kumi na moja. Ile ya mama na binti waliogombea cherehani moja, ambayo watu walitoka wakinung'unika kwamba haina ngumi, nilitunga dhiraa mbili, na nikawaambia wote pale getini kwamba wana macho lakini hawaoni.

Hii mpya ya Senthooran, iliyotoka Alhamisi, nilitunga kumi na saba.

Tulikwenda onyesho la kwanza la asubuhi, mimi na mume wangu, Baba Poongodi. Yeye ndiye mwanachama mkongwe kuliko wote wa chama cha mashabiki wa Senthooran hapa mjini. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi, vipande vya karatasi vikarushwa, skrini ikawa haionekani. Haya, hayo nimeyazoea. Nikamwona Senthooran, mzee wa miaka sitini na tatu, akimkimbiza kwenye shamba la alizeti msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Nikatunga. Akaua watu arobaini kwa ngazi ya fundi rangi. Nikatunga. Kisha akachukua mashada mawili kwa mwanamke muuza maua, akawa anaondoka zake, na yule mwanamke akamwambia, kama ambavyo mimi ningesema, bwana mkubwa, hujalipa.

Akampiga kofi. Eti amfundishe adabu ya kuongea na mwanamume.

Ukumbi mzima ukalipuka kwa shangwe. Na pembeni yangu, vidole viwili mdomoni, mume wangu akapiga mluzi mrefu.

Nilitoka na kikapu changu, na pale nje wakawa wanangoja wale watu wa mtandaoni, wanaowapa watazamaji kipaza sauti mara tu wanapotoka. Desturi inajulikana: unapiga kelele "Bonge la filamu! Itaonyeshwa siku mia!", unapunga mkono, unakwenda kunywa chai. Katika mji wako mwenyewe, mbele ya chama chenyewe, hakuna anayesema vinginevyo. Binti mmoja anayeitwa Yazhini akaninyooshea kipaza sauti.

"Mama, filamu ilikuwaje?"

"Mbovu," nikasema. "Dhiraa kumi na saba. Huyo mzee akatafute wa rika lake. Kama yeye hana haya, mimi ninaona haya kwa niaba yake. Na lile kofi! Mwenye maua kadai chake, kapigwa, na ninyi mnashangilia. Mimi ni muuza maua. Basi aje anipige mimi hapa getini, tuone nani atafundishwa adabu."

Kufikia Ijumaa nusu ya wilaya ilikuwa imeniona. Hata muuza mchele alinitania, akauliza mchele wake ni dhiraa ngapi.

Jumamosi mchana akaja nyumbani Madasamy, mwenyekiti wa chama, na wenzake wawili. Ana duka la simu na sauti ya kuhutubia hata anapoomba maji.

"Dada Pechi, umetuvua nguo."

"Kwani mlikuwa mmevaa?"

"Dada, mimi sina utani leo. Kesho ni siku ya kuzaliwa ya Kaka Senthooran. Tunaimwagia picha yake maziwa. Yazhini atakuwepo na kamera yake. Wewe utasema siku ile kichwa kilikuwa kinakuuma, filamu hukuielewa. Maneno mawili, yameisha."

"Na nisiposema?"

Madasamy hakunitazama mimi. Alimtazama mume wangu. "Mzee wetu hatapanda tena. Si kesho, si mwakani."

Hapo ndipo aliponishika pabaya. Mume wangu anapakia matofali. Kazini wanamwita "wewe" na "yule mzee". Lakini tangu mwaka tuliooana, kila picha kubwa ya mbao ya Senthooran ikisimamishwa mbele ya ukumbi, yeye ndiye hupanda jukwaa la mianzi akammwagia maziwa kichwani, ngoma zikilia, na mji mzima unamwita kwa jina lake. Karuppasamy! Karuppasamy! Cheo kingine hana, duniani wala mbinguni.

Walipoondoka alikaa kizingitini, akawa anajikuna goti lile bovu.

"Maneno mawili tu, Pechi," akasema. "Senthooran mwenyewe hata hatayasikia."

"Lakini mimi nitayasikia."

"Ni filamu. Ile damu ni rangi, na lile kofi ni la uongo."

"Mluzi wako ulikuwa wa uongo?"

Nikaona masikio yake yamebadilika rangi, nikafurahi, kwa maana nilitaka yaungue kabisa. Miaka thelathini na moja nimekaa na mtu huyu. Getini pale nimetukanwa na walevi, nimesukumwa, kuna afisa mmoja alinimwagia kikapu chote mtaroni, na jioni zote hizo nilimsimulia yeye, naye alikuwa anakasirika. Sasa kaketi gizani kaona yaleyale, kafurahi. Nilimwambia hayo yote, kwa sauti ambayo majirani hawakuhitaji kutega sikio.

"Kesho nitasema ninachojua," nikamaliza. "Wewe fanya yako."

Jumapili asubuhi uwanja wa ukumbi ulikuwa hauna pa kuweka mguu. Senthooran wa mbao alikuwa mrefu kupita paa, miwani myeusi, kidole juu. Madasamy alikuwa na hakika nami kiasi kwamba alimruhusu mume wangu kupanda mapema, ili picha itoke vizuri: mke chini akitubu, mume juu akimwaga. Nikamwona anapanda ngazi polepole, chungu begani, goti likimsumbua, mpaka akasimama kwenye jukwaa, usawa wa bega la Senthooran. Watu wakaliita jina lake. Moyo uliniuma, sifichi. Nilijua ni mara ya mwisho, na mimi ndiye niliyekuwa naikata.

Yazhini akaninyooshea kipaza sauti. Ngoma zikanyamazishwa.

"Mama, wanasema umebadilisha mawazo?"

"Kichwa hakikuniuma," nikasema. "Filamu niliielewa yote. Nimelifikiria tena lile kofi siku tatu, na sasa naona ni baya kuliko nilivyosema. Yule mpiga pasi tuliyempenda angemshika mkono mtu anayepiga hivyo. Senthooran amesahau alikuwa nani. Ninyi mmesahau pamoja naye."

Zogo likazuka. Mtu akanirushia ganda la ndizi, halikunipata. Madasamy akawa anapiga kelele, "Mshusheni! Mshusheni yule mzee!"

"Mtanishusha nikishasema!"

Sauti ilitoka juu. Mume wangu si mtu wa kupaza sauti; watu walihangaika kutafuta ilikotoka. Alikuwa ameshika sikio la Senthooran kwa mkono mmoja, chungu kwa mwingine.

"Mimi nampenda huyu!" akasema. "Tangu sina ndevu nampenda, na maziwa haya ni yake!" Akainamisha chungu, maziwa yakashuka usoni pa Senthooran, yakapita miwani, yakapita kidevu. Hakuna aliyepiga ngoma. "Lakini lile kofi ni aibu! Mke wangu kasema kweli! Na mimi nilipiga mluzi. Nilipiga mluzi, na yeye amekaa pale kandokando yangu!"

Akakiweka chungu kitupu miguuni pake.

Madasamy akaiondoa ngazi. Mtu mzima na sharubu zake, akaiburuta mpaka ukutani, akaiegemeza, akasimama mbele yake na mikono kifuani. "Akae na Kaka yake huko huko," akasema. Baadhi wakacheka. Wengi wakaanza kutazama chini.

Nikaweka kikapu. Nikamwendea Madasamy, nikasimama karibu naye kiasi cha kunusa mafuta yake ya nywele, na Yazhini akaja nyuma yangu na kamera. Nilingoja kofi langu. Alinitazama, akaitazama kamera, akasogea pembeni.

Ngazi ile ni nzito. Niliiburuta peke yangu hadi katikati ya uwanja, kisha muuza mchele akaja akashika upande wa pili, tukaisimamisha. Mume wangu akachungulia kutoka juu, shati limelowa maziwa.

"Pechi," akaita. "Umenisamehe?"

"Shuka kwanza," nikamwambia. "Hilo uniulize ukiwa umesimama chini, mbele yangu."

Nikaishika ngazi kwa mikono miwili, akaanza kushuka.