Uingereza ni Masaa Kumi

Nina ugonjwa mmoja: siwezi kusikia kosa nikanyamaza. Mwaka 1996, nikiwa karani mgeni Dodoma, nilipanga chumba Kizota kwa Mama Zablon, na ugonjwa huo ukanifuata hadi uani kwake.

Zablon, mwanawe wa pekee, alikwenda Uingereza kusoma, akabaki huko. Ulikuwa unaingia mwaka wa kumi na moja. Kila Krismasi ilikuja barua, na tangu nihamie mimi ndiye niliyemsomea: hajambo, kazi ni nyingi, na mwisho maneno yaleyale, "Ningekuja, mama, lakini huku ni mbali mno." Mama aliitikia kwa kichwa. Alimkumbuka mwanawe kila siku ya Mungu, alimtaja hata akichuma mlenda, lakini hakuwa na kinyongo naye hata chembe. Lawama zote aliutupia umbali.

Jumamosi moja alikuwa akimenya karanga za mbegu na jirani yake, Ruthu. Ruthu akauliza kama Zablon atakuja kuoa nyumbani.

"Atakujaje?" Mama akasema. "Ndege yenyewe inatembea juma zima. Wanalala hukohuko juu."

Ningenyamaza ningekufa? Wiki ile nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kikazi. Kwenye moja ya zile ofisi za mawakala wa safari zilizochipuka tangu biashara iwe huria, nilichukua ratiba ya ndege, kwa ushamba tu, kwa kuwa ilikuwa ya bure. Nikakimbia chumbani kuileta.

"Si juma, mama. Ni kilomita elfu saba na mia tano. Ukipanda Dar, masaa kumi tu uko London."

"Kumi?"

"Kumi. Unapanda usiku, asubuhi unakunywa chai yao." Nilikuwa nimefurahi kama mwalimu aliyefaulisha darasa zima.

Akaacha kumenya. "Na Loisi?" Loisi ni mdogo wake, ameolewa Mwanza. "Treni yake masaa mangapi mpaka hapa?"

Hapo ndipo ningepaswa kudanganya. "Isipoharibika njiani," nikasema, "kama ishirini na nne."

Loisi alikuja kila mwaka baada ya mavuno, na gunia la dagaa, miguu imevimba. Hakuna aliyelisema hilo. Ruthu akakumbuka mboga yake jikoni, akaaga. Mimi nikaanza kubabaika: nauli ni kubwa, mama, kuna ruhusa ya kazini, kuna makaratasi. Yote yanawezekana. Lakini Zablon hakuwahi kuyaandika hayo. Yeye aliandika mbali, na hiyo mbali nilikuwa nimemnyang'anya mama yake mchana kweupe. Nilijichukia.

Krismasi barua ikaja. Nilipofika yale maneno ya mwisho nikaanza kuikunja karatasi.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Macho yakamjaa machozi, kisha akaniambia nichukue kalamu. Nimwandikie kwamba mvua imeanza vizuri. Kwamba karanga zimeota. Kwamba mama yake mdogo anamsalimu.

"Na yale masaa kumi?" nikauliza.

"Hayo usiandike, Octavian." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Akijua kwamba najua, hata barua hataleta."