Sabuni ya Baba Mkwe

Mzee Seni alikuwa amegoma kuoga, na mzee huyo akigoma, hata ng'ombe wake wanajua. Si kwamba alipenda uchafu, la hasha. Ngozi yake ilikauka na kupasuka mgongoni na viwikoni, na sabuni ya dukani ikimgusa aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Zahanati walimpa dawa ya kupaka, wakamwambia aoge kila siku kwa sabuni isiyo kali. Kusema ni rahisi. Faustin, mwanawe, ndiye aliyemwogesha, na alileta sabuni za kila rangi kutoka gulioni. Mzee alizikataa zote, akajifungia ndani, akasema hatatoka mbele za watu akinuka vile.

Hapo shida ikawa ya nyumba nzima. Wazee wa upande wa pili walikuwa waje kuzungumza mahari ya Nyamizi, binti wa mwisho wa mzee, na mazungumzo hayo hayafanyiki baba akiwa amejificha chumbani. Nyamizi alikwisha kushonesha gauni. Kila jioni alilitazama, akalikunja tena.

Aliyeumia zaidi alikuwa Tekla, mke wa Faustin. Huyu ni Mhehe wa Mlandege, mjini Iringa, aliyeolewa kwa Wasukuma wafugaji huku tambarare za Usangu. Kwao alimuuguza baba yake mzazi mpaka akafumba macho. Alijua kumgeuza mgonjwa, alijua kumkanda. Lakini ni mwiko mkamwana kumgusa baba mkwe. Hampi mkono, wala hamtaji jina, na hata kikombe cha uji hukiweka chini akaondoka, ndipo mzee akichukue. Basi Tekla alikaa jikoni akisikia mtu anajikuna nyuma ya ukuta, na mikono yake haikuwa na ruhusa ya kufanya lolote. Ilimtesa.

Siku moja maksai mmoja, aliyezeeka akilima pamoja na Seni, alivunjika mguu kwenye mfereji wa mpunga. Wakamchinja. Nyama ikagawanywa, mafuta yakabaki beseni tele, na Tekla akiyatazama akamkumbuka shangazi yake Anjela, ambaye zamani alipika sabuni nyumbani. Akampigia simu Mlandege. Shangazi alicheka kwanza, maana hakuna aliyemuuliza habari hiyo tangu enzi za ujana wake, kisha akamweleza yote. Achome magunzi na mabua ya maharage, achuje majivu mpaka maji yake yawe makali kiasi cha yai kuelea juu yake. Apikie kwenye chungu cha udongo, kwa sababu sufuria ya alumini italiwa na maji hayo. Na mwisho kabisa atie chumvi.

Kuchuja maji ya majivu Nyamizi alikujua vizuri, kwa kuwa mlenda haulainiki bila hayo. Ila alipoona wifi yake anayamimina kwenye mafuta ya ng'ombe aliyoyayeyusha, akauliza kama baba anaenda kuogeshwa au kuungwa. Hata hivyo alishika mwiko wakakoroga kwa zamu. Macho yaliwawasha kwa moshi. Chungu kilitokota, kikapanda, kikashushwa kwa kupunguza kuni, na mchana ulipogeuka ndani mlikuwa na uji mzito wa kahawia unaovutika. Sura yake ilitisha.

Tekla akamimina maji ya chumvi.

Uji ukakatika pale pale. Nyamizi amekulia kwenye maziwa, na mtoto wa mfugaji akiona kitu kimekatika anajua kimeharibika. Akaweka mwiko chini. "Basi tena, wifi," akasema. "Tumemtupa bure maksai wa baba."

Tekla alikuwa amesahau kama kuna mtu pembeni yake. Chini maji yalikuwa meusi kama kahawa. Juu yake, polepole, mabonge yalipanda yakielea, meupe yenye umanjano kidogo, yakasogeleana na kushikana yenyewe. Akachota bonge dogo kwa kijiko, akaliacha lipoe, akalisugua viganjani na kulimwagia maji. Povu likatoka. Masizi na mafuta aliyokuwa nayo mpaka kwenye viwiko yakatiririka, na mikono ikabaki safi kuliko ilivyokuwa asubuhi.

Jivu linachafua, mafuta yanachafua. Mwanamke hushinda akipigana na hivyo viwili tangu anajifunza kufagia. Sasa nani aliviambia kwamba vikikutana viwe kitu cha kusafishia? Watu husema moto huzaa jivu, wakimcheka mtu mwema aliyezaa mtoto wa hovyo. Hawakuwahi kusimama mbele ya chungu kile. Tekla alipiga ishara ya msalaba, na Nyamizi, ambaye si mtu wa kanisani sana, akainamisha kichwa bila kuambiwa.

Waliyasuuza mabonge, wakayashindilia kwenye kiboksi cha mbao, wakakata vipande na kuvianika darini. Kila asubuhi Tekla aligusa kipande kwa ncha ya ulimi kuona kama ukali umekwisha, na kila asubuhi kilimng'ata. Wazee wa upande wa pili wakatuma ujumbe kwamba watafika mwisho wa wiki. Nyamizi akambembeleza wifi yake aitoe sabuni, akanuna, akambembeleza tena, lakini Tekla alikataa katakata. Kinachouma ulimi kingemla mzee ngozi yote, na mzee hangekubali kujaribu mara ya pili. Hatimaye, siku moja kabla ya wageni kufika, ikawa asubuhi ambayo ulimi haukusikia kitu, na Faustin akabeba kipande na ndoo ya maji ya uvuguvugu kwenda uani.

Tekla alisimama jikoni akisubiri ukelele. Alisikia maji yakimwagwa, kisha kimya, na kimya kikazidi mpaka akaogopa. Halafu mzee akauliza kama maji yameisha. Akaletewa ndoo nyingine. Baadaye Faustin alimsimulia kwamba baba alimnyang'anya sabuni akajisugua mwenyewe, akauliza ni ya duka gani, na alipoambiwa ni yule maksai na majivu ya jikoni kwa Tekla, aliishika kifuani muda mrefu.

Mzee Seni akatoka amejifunga shuka safi, akakaa kwenye kiti chake mbele ya nyumba, wazi kwa kila apitaye. Nyamizi akapiga kigelegele kimoja akakimeza kwa aibu. Tekla alipiga magoti mbali, mlangoni pa jiko, macho chini, kama inavyopasa. Mzee hakumwelekea. Alimwambia Faustin, ingawa wote walikuwa wanasikia.

"Mwambie mkeo mwiko wetu haujavunjika," alisema. "Lakini mikono yake imenifikia."

Faustin aligeuka kuufikisha ujumbe, akamkuta Tekla amejifunika uso kwa kanga, analia.