Nani Alilijenga la Mtakatifu Paulo

Shemeji yangu Edson hakutaka Doris aolewe. Naanza na hilo kabisa, maana wapo mpaka leo wanaosema mzee alikuwa anatania tu, posa haikosi utani. Utani gani! Tangu dada yangu Leah afariki, Doris ndiye aliyempikia baba yake na kumpangia dawa zake, na macho ya mzee yalipoingia ukungu, ndiye aliyemwendesha kanisani, kliniki na kwa kinyozi. Mchumba wa kwanza alikataliwa kwa sababu ya kanisa analosali. Wa pili kwa sababu alikuja na raba. Doris akafika miaka thelathini na nane, mfamasia mzima wa hospitali, na bado analala chumba kile kile alicholala akisoma sekondari.

Wa tatu ndiye Isack. Walikutana kwenye harusi ya watu, Isack akiwa ametoka Birmingham kumtembelea binamu yake Maurice anayekaa Maple Grove, si mbali na kwetu Maplewood, huku ng'ambo. Kijana mpole, fundi wa mitambo ya treni. Tatizo lake lilikuwa moja: akitazamwa na watu wengi, maneno yanamkimbia. Alikuwa anatafuta ukaazi wa kudumu Uingereza, na kule hawakupi mpaka ufanye mtihani wa maisha ya nchi yao: wafalme, vita, bunge, na sehemu iliyokuwa inammaliza yeye, wachoraji na wajenzi. Aliufanya akaanguka. Akarudia, akaanguka tena. Alimwambia Doris, Doris akaniambia mimi. Mzee hakuambiwa.

Basi Doris akawa mwalimu. Mchana wa Maplewood ni jioni ya Birmingham, kwa hiyo saa ya chakula alishuka kwenye maegesho ya hospitali, akajifungia ndani ya gari, hita inanguruma, simu ameiegemeza kwenye usukani, anauliza maswali. Nilimkuta huko siku moja nikimpelekea maandazi, nikakaa kiti cha nyuma nikasikiliza. Wren na kuba lake. Constable na mashamba ya kwao. Lutyens na mnara wa waliokufa vitani. Aliyempenda kuliko wote ni Brown, mtengeneza bustani za matajiri wa zamani, ambaye kila akionyeshwa kiwanja cha mtu, hata kiwe pori la namna gani, alisema hapa panawezekana kitu, mpaka neno hilo wakambandika kuwa jina lake la utani.

"Isack, ukimsahau Brown nakuacha," Doris alisema, na yule kijana akacheka kule aliko.

Sikuwa nimeuona uso ule wa Doris tangu mama yake akiwa hai. Niliomba Mungu kimoyomoyo safari hii mzee asitie mkono.

Mtihani wa tatu ulikuwa uwe mwezi wa tatu. Posa ikawekwa Februari, theluji ikiwa magotini, kwa sababu ndipo Isack alipopata likizo.

Posa ya kwetu mnaijua. Mwoaji hasemi. Anakaa na suti yake, mikono magotini, na mshenga ndiye anayenena. Binti naye hatoki mpaka aitwe. Kwa hiyo mimi na Doris tulikuwa chumbani, mlango tumeuacha wazi kidogo, yeye na gauni lake jipya la kitenge, mimi namzuia asishikeshike nywele.

Maurice ndiye aliyekuwa mshenga, na alianza vizuri. Alisalimia, akasema wamepita barabarani wakasikia harufu ya pilau, wakauliza mpishi ni binti wa nani. Wazee wakacheka, wakamtoza faini ya kukanyaga zulia na viatu. Akalipa huku anacheza. Kila walivyocheka ndivyo alivyozidi kunogewa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Na msidhani tumewaletea mtu wa njiani," akasema. "Huyu ni British citizen, wazee wangu. Raia kamili! Passport anayo, ile ya blue."

Doris akanibana mkono. "Mama mdogo, why is he saying that? Si kweli."

"Anamsifia tu. Mshenga asiposifia, kaja kufanya nini?"

Kweli ndivyo ilivyo, hakuna mshenga anayekula kiapo. Na mwoaji hamkatizi mshenga wake, hiyo ni aibu kwa ukoo mzima. Nilimwona Isack kupitia upenyo wa mlango. Alifumba macho, akayafumbua, akaangalia zulia.

"Raia," shemeji yangu akasema polepole. Akachukua tableti yake, ile aliyoikuzia maandishi. Hapo nikajua kuwa Maurice alishakwenda kujigamba kanisani kabla, na mzee alikuwa amejiandaa. "Nimefurahi sana. Maana nasikia kule raia wanapewa mtihani, nikautafuta nikausoma. Mimi nimejenga madaraja maisha yangu yote, kwa hiyo nimependa hapa kwenye majengo. Sasa, mwanangu. Sisi tuko hapa na mji wetu wa Saint Paul, yaani Mtakatifu Paulo. Huko kwenu London kuna kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Nani alilijenga?"

Maurice akacheka. "Mzee, hilo nalo ni faini?"

"Sikukuuliza wewe. Nimemuuliza raia."

Isack alimtazama Maurice. Maurice akatikisa kichwa kidogo sana: usiseme. Isack akarudisha macho kwenye zulia.

"Labda nimeanza na gumu," akasema mzee. "Mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani, pale London, ulisanifiwa na nani? Hapana? Mchoraji wa mashamba ya bonde la Dedham? Hata huyo?" Akawageukia wazee wenzake. "Jamani, huyu ni raia wa Birmingham au wa Biharamulo?"

Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko. Mzee mmoja alijipiga paja. Maurice naye alicheka, mshenga gani yule, alicheka mpaka meno ya mwisho.

"Wren," Doris alikuwa ananong'ona pembeni yangu. "Wren, Isack. Sema. Wren."

"Mtu asiyemjua aliyejenga nyumba," mzee aliendelea, "huyo ni mwenye nyumba, au ni mgeni kalazwa kwenye kochi? Mwanangu, hata jina lako umelisahau? Au nalo analijua mshenga?"

Nilimshika Doris kiunoni, nikashika kitenge. Kilinichomoka. Alitoka peku mpaka katikati ya sebule, mbele ya wazee wote, bila kuitwa.

"Christopher Wren!" akasema. "Mnara ni Lutyens, mchoraji ni Constable. Na bustani ni Brown, hukuuliza lakini ni Brown. Anajua, baba! Anajua yote, nimemfundisha mwenyewe kila siku saa ya lunch. Mtihani wake ni mwezi ujao, na safari hii he will pass."

Kicheko kilikatika. Mzee aliweka tableti yake mezani, taratibu, kama mtu aliyeshiba.

"Safari hii," akasema.

Doris akaziba mdomo kwa mkono, lakini neno lilishatoka.

"Kwa hiyo zipo safari nyingine. Na raia hayupo." Akamgeukia Isack. "Kijana, kuanguka si kosa. Lakini wewe hata kuongea unaongelewa. Wa kwanza kakusemea uongo, wa pili kakusemea ukweli, tena mwanamke, tena peku. Pilau lipo, kuleni, halafu barabara mnaijua."

Isack alisimama. Nilidhani atalia. Alifunga kifungo cha koti, akainamisha kichwa, akasema, "Asante, mzee," sauti yake safi kabisa, akatoka nje.

Doris alimfuata na mimi nikamfuata Doris na viatu vyake. Alikuwa amesimama kwenye theluji na miguu yake mitupu, ameshika mlango wa gari la Maurice.

"Isack, najua ulikuwa unajua. Nilitaka na wao wajue."

"Hapana. Ungejua kweli ungebaki chumbani," Isack akasema. Hakupandisha sauti. "Wren nilikuwa naye hapa, mdomoni. Maurice aliniambia, hata wakikutukana nyamaza, wazee wanakupima heshima. Nilikuwa nanyamaza kwa ajili yako, Doris. Kumbe wewe uliniona mjinga kama walivyoniona wao."

"Si hivyo. Please."

"Vaa viatu," akamwambia, akaufunga mlango.

Tuliporudi ndani, mzee alikuwa na sahani mapajani, anatafuna. Nilimchukia siku ile, na sijaacha.

"Doris, mama, niletee chai," akasema. Chai ilipofika akamtazama binti yake akiweka sukari, akatabasamu. "Na Turner je? Yule alichora nini?"

Nilidhani atammwagia. Doris alikoroga chai, akaweka kijiko pembeni ya kikombe.

"Bahari, baba. Bahari na mwanga."

"Unaona! Wewe ndiye wa kupewa pasipoti," mzee akasema, na wazee waliobaki wakacheka tena.

Mwezi wa nne nilitoka kwa mzee nikapita hospitalini mchana na chakula, kwa sababu nilisikia bado anashuka kwenye maegesho saa ile ile. Nilimkuta ndani ya gari, hita inanguruma, simu ameiegemeza kwenye usukani, imezimwa. Nilikaa kiti cha mbele, chakula mapajani. Tukiwa hapo simu ikawaka. Alisoma, akanigeuzia nisome.

Nimefaulu. Brown alikuja kwenye maswali. Asante kwa kila kitu, mwalimu.

Nilisoma mara mbili nikitafuta neno jingine. Mwalimu ndilo lilikuwa la mwisho. Nikamwambia ajibu, ajibu sasa hivi, ampigie hata kama hatapokea. Doris alichukua simu yake akaitia mfukoni mwa koti jeupe, akafuta kioo cha gari kwa kiganja.

"Mama mdogo," akaniuliza, "umemwacha baba amekula?"