Korongo Ambalo Hatukulinukuu

Kwa niaba ya Bodi ya Wahariri, Baraza la Ushauri wa Kisayansi na wadau wote wa sayansi ya ardhi katika nyanda za juu za Kigoma, ninayo heshima kubwa isiyo na kifani kuwasilisha kwenu Tathmini ya Mwaka ya Mada za Utafiti na Kiwango cha Kunukuliwa kwa Makala za jarida letu tukufu, Udongo na Mwamba.

Bodi ya Wahariri ni mimi, Saady, wa kidato cha tatu. Baraza la Ushauri ni Lukmani wa kidato cha pili, ambaye kazi yake ni kushika stepla. Jarida lenyewe ni karatasi chache zinazodurufiwa hapa shuleni kwetu Kasulu siku ambayo wino upo. Nakala moja huning'inizwa kwa uzi kwenye ukuta wa bwalo, karibu na dirisha la jikoni, ndiyo maana sayansi yetu daima hunuka maharage.

Hata hivyo msilidharau. Mwalimu Pasikali, anayetufundisha jiografia, alirudi kutoka chuo kikuu na imani moja: kwamba makala ya sayansi hupimwa kwa idadi ya watu walioitumia katika maandishi yao wenyewe. "Makala isiyonukuliwa," husema huku amenyanyua chaki, "ni sawa na mtu anayeongea peke yake njiani." Basi akaweka utaratibu. Kila kazi ya jiografia, kidato cha kwanza hadi cha nne, lazima inukuu angalau makala moja ya jarida letu na kutaja ukurasa. Mwezi wa tisa, kabla mvua hazijaanza, nukuu zinahesabiwa. Makala iliyonukuliwa kuliko zote ndiyo inayoamua lori la shule litakwenda wapi na majembe, miche na klabu nzima ya jiografia, kwa kazi ya siku moja ya kuokoa ardhi. Lori huenda mara moja tu kwa mwaka.

Kwa maneno mengine, ukinukuliwa sana unapewa lori. Naomba mlikumbuke hilo, maana mimi nililikumbuka kupita kiasi.

Mwaka huu mada zilikuwa za kawaida. Mtu aliandika kuhusu chokaa. Mtu mwingine aliandika kuhusu matofali, na ikagundulika ameandika kuhusu biashara ya mjomba wake. Halafu Mpawenimana akaleta makala yake.

Mpawenimana ni wa darasa letu, anatoka Kumsenga, wilaya ya Kibondo. Ni msichana anayeongea Kiswahili taratibu, kama anafuta kila neno kwa kitambaa kabla ya kulitoa. Makala yake ilihusu korongo lililo chini ya shamba lao. Alikuwa amelipima likizo mbili mfululizo kwa kamba na vijiti, akaonyesha linavyopanda mlima kila msimu wa mvua na kumeza shamba. Ilikuwa kazi safi. Mwishoni alikuwa ameandika hivi: "Korongo sasa limefika mwisho wa mihogo, na baada ya mihogo ni kaburi la mama yangu."

Nilivaa uso wa mhariri.

"Sentensi hii haiwezi kupita," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Dada yangu, sayansi haina mama."

Akaitazama karatasi. "Lakini ndicho kilichopo pale."

"Tunajua. Ila jarida lina hadhi yake. Andika 'eneo lenye umuhimu wa kifamilia'."

"Mtu akisoma hivyo atajua ni nini?"

"Mwanasayansi atajua."

Akafikiri kidogo, akaifuta, akaandika nilivyomwambia. Akanishukuru. Lukmani akabana karatasi kwa stepla, nami nikajiona mtu mkubwa.

Sasa niseme habari zangu. Binti wa baba yangu mkubwa, Shadia, alikuwa anaolewa Kibondo mjini, nyumbani kwetu, na niliomba ruhusa ya kwenda. Mwalimu wa nidhamu alinijibu kwamba harusi si msiba. Nikakaa na jibu hilo siku nzima, jioni nikaanza kuandika makala yenye kichwa "Muundo wa Changarawe katika Mteremko wa Nyuma ya Soko la Kibondo". Mteremko upo. Changarawe zipo. Muundo niliutunga mwenyewe. Nyumba ya baba mkubwa iko ng'ambo tu ya barabara, na tarehe ya lori ilikuwa Jumamosi ya harusi.

Kilichobaki ni kunukuliwa. Nikaenda kwa wadogo wa kidato cha pili wakati wa prepo ya usiku.

"Oyaa, madogo. Mmeshamaliza kazi ya Pasikali?"

"Bado, kaka Saady. Hatuelewi tunukuu nini."

"Poleni. Kaka yenu nipo." Nikaandika ubaoni: "Kama alivyobainisha Saady katika ukurasa wa sita, changarawe ni hazina ya taifa." Nikawaambia atakayeinakili atapata nusu chapati kutoka kwa Mama Shamsi wa getini.

"Nusu?" akauliza Lukmani. "Mimi ni Baraza la Ushauri."

"Wewe nzima."

Walinakili kama malaika. Ukurasa niliutaja kwa kukisia, maana jarida lilikuwa bado halijadurufiwa, na hakuna aliyewahi kufungua jarida kuhakiki. Hesabu ilipotoka, changarawe zangu zilikuwa na nukuu nyingi kuliko makala nyingine zote kwa pamoja. Korongo la Kumsenga lilikuwa na nukuu moja, ya Mpawenimana mwenyewe, na Mwalimu Pasikali aliikata kwa kalamu nyekundu, kwa sababu mtu haruhusiwi kujinukuu.

Tuliondoka Kasulu kabla ya alfajiri. Mpawenimana alipanda lori na gunia lililolowa maji begani. Ndani mlikuwa na vipande vya mabingobingo, yale majani marefu ambayo mizizi yake hushika udongo, alivyovikata kando ya kijito cha shule.

"Unaenda kulisha ng'ombe?" nikamtania.

"Labda tutamaliza mapema," akasema.

Tulipofika Kibondo alimwendea Mwalimu Pasikali. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mwalimu, Kumsenga ni mbele kidogo tu. Tukimaliza hapa mapema, lori haliwezi kusogea?"

"Mafuta yamepimwa, mwanangu. Hilo eneo lako linaweza kusubiri mwakani?"

Akafungua mdomo. Nadhani neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha akanitazama mimi, mhariri wake, kama anayetaka kujua iwapo mwanasayansi anaruhusiwa kulisema. Mimi nikatazama changarawe.

"Linaweza, Mwalimu," akasema.

"Basi mwakani. Andika vizuri zaidi, watakunukuu tu."

Mimi nikashikwa na tumbo, ugonjwa wa ghafla ulionipeleka moja kwa moja ng'ambo ya barabara. Shadia alipendeza. Mama mkubwa Kuruthumu alilia kwa furaha aliponiona, akanipakulia pilau mara mbili na kunifungia nyingine kwenye mfuko. Wenzangu walichimba mitaro mahali ambapo maji hayajawahi kupita tangu dunia iumbwe.

Jioni ndani ya lori nilimpa Mpawenimana ile pilau. Alikuwa amekaa juu ya gunia lake.

"Umeitoa wapi?"

"Matokeo ya utafiti."

Akacheka. Alicheka hasa, mpaka akafunika mdomo kwa kiganja. Sijamsikia akicheka tena. Kesho yake nilimwona akipanda yale mabingobingo nyuma ya bweni la wasichana, kwenye ardhi tambarare ambayo haimomonyoki kwenda popote.

Mvua za Novemba zilikuja na hasira. Siku ya tatu, baba yake Mpawenimana alimpigia simu matroni, naye matroni akampeleka binti kwa mwalimu wa nidhamu kuomba ruhusa. Mimi nilikuwa nafagia varanda ya ofisi, adhabu ya jambo jingine kabisa.

"Nani amefariki?" mwalimu akauliza.

"Mama."

Karatasi zikafunuliwa. "Hapa imeandikwa mama yako alifariki ukiwa darasa la sita."

"Ndiyo, Mwalimu."

Fagio langu likasimama. Mpawenimana akaeleza kwa ile sauti yake ya taratibu kwamba korongo limepita mihogo usiku, kwamba baba yake na kaka zake walishuka bondeni kulipokucha. Wamepata msalaba. Mama hawajampata.

Alipewa ruhusa. Darasani hatukujua la kusema. Msiba tunaujua: unachanga, unatoa pole, unaimba kama unajua kuimba. Lakini mtu ambaye mama yake amekufa mara ya pili, na safari hii bila kuzikwa, unampa pole gani? Tulimtazama akifunga begi. Mimi nilimbebea mpaka getini, nikatafuta utani wa kumwambia, nikakosa.

Alirudi baada ya wiki mbili. Hawakuwa wamepata kitu kingine. Baba yake alichimba kaburi jipya upande wa juu wa nyumba na kuzika msalaba peke yake.

Jana mchana nilikuwa chumba cha ramani, nikiandika tathmini hii. Nilikuwa nimemaliza aya ya kwanza, ile ya heshima kubwa isiyo na kifani, na nilikuwa naifurahia sana. Mpawenimana akaingia amekumbatia rundo la kazi za kidato cha pili. Akakaa mbele yangu.

"Saady, nimekuja unifundishe."

"Nikufundishe nini tena?"

"Kuandika. Mwalimu alisema nikiandika vizuri watanukuu. Mimi sikuandika vizuri." Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayesoma matokeo yake. "Mwalimu ameniuliza kwa nini sikuandika kwamba ni kaburi. Sikumwambia ni wewe. Nilidhani ulikuwa sahihi."

Nikakohoa. Nikaanza hotuba fulani kuhusu mtiririko wa mawazo. Hata sasa siamini, lakini niliianza.

"Ngoja," akasema. "Nimesoma zako kwanza. Nilitaka kuona watu walipenda nini, ili na mimi niandike hivyo." Akafungua kazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akawa anazipanga mezani kama mtu anayetandaza dagaa. "Wote wamenukuu ukurasa wa sita. Nikasema, basi huo ukurasa wa sita ni mzuri sana. Nikaenda bwaloni kuusoma."

Tumbo langu likauma, safari hii kweli.

"Makala yako inaishia ukurasa wa tano, Saady."

Nikafunika kalamu yangu.

"Ukurasa wa sita ni tangazo. 'Chapati za Mama Shamsi, moto muda wote.'" Akanitazama. "Walinukuu chapati?"

Siku nyingine yoyote ningekufa kwa kicheko. Nilifungua mdomo nitafute pa kutokea, na kwa kweli nilizipata njia mbili tatu, maana kichwa changu kimezoea kazi hiyo. Ningeweza kusema ni makosa ya kudurufu. Ningemsingizia Lukmani na stepla yake.

"Nimemuuliza Lukmani," akasema, kana kwamba amenisikia nikifikiri. "Anasema hajui changarawe zako zinahusu nini. Anasema alipewa nzima."

"Alipewa nzima," nikasema. "Wengine nusu."

"Kwa nini?"

Basi nikamwambia. Nilimwambia kuhusu Shadia, na ruhusa niliyonyimwa, na ile sentensi ya ubaoni. Nilimwambia kwamba tumbo halikuuma Kibondo, na kwamba pilau niliyompa ilikuwa ya harusi. Nilitegemea atapiga kelele. Angenipiga kwa ramani ya dunia iliyokuwa ukutani ningeshukuru. Alitaka kuhakikisha jambo moja tu.

"Wengine hawakujua ni nini kilichopo pale. Wewe ulijua ni kaburi."

"Nilijua."

"Shule nzima, wewe peke yako."

"Mimi peke yangu."

Akageukia dirisha. Kule nyuma ya bweni mabingobingo yake yalikuwa yameota, yamefika urefu wa mtoto, yakishika udongo ambao hauendi popote. Kisha akakusanya zile kazi, akazipanga vizuri pembe kwa pembe, akaisukuma karatasi yangu ya tathmini kuelekea kwangu.

"Utaisoma mstarini Ijumaa?"

"Ndiyo."

"Mbele ya Mwalimu Pasikali?"

"Mbele ya wote."

"Basi endelea kuandika. Na uandike kaburi."

Alitoka. Nimeiacha aya ya kwanza kama ilivyokuwa, ili mwone nilikuwa nataka kuwasomea nini.

Matokeo ya mwaka, basi: makala iliyonukuliwa kuliko zote hakuna aliyeisoma, na nukuu zake zote nilizinunua mimi. Makala iliyostahili lori ni ya Mpawenimana wa Kumsenga. Pale alipoandika "eneo lenye umuhimu wa kifamilia", maneno hayo ni yangu. Lilikuwa kaburi la mama yake, na nilimfutisha mimi.