Dumu Chini ya Meza ya Kamati

Kikombe cha bati kiligonga ukingo wa ndoo kabla hakujapambazuka. Philister akafumbua macho, akatabasamu gizani. Mumewe Gerishon, ambaye ukoo mzima ulikuwa umeshamlilia, alikuwa akichota maji ya kunyolea ndevu. Leo ndiyo siku ya majibu.

Kosa lilianzia hospitali ya mjini. Picha ilionyesha saratani ndogo kwenye pafu, ya kukatwa ikaisha. Lakini pembeni ulionekana uvimbe mwingine, kwenye tezi iliyokaa juu ya figo. Daktari mkubwa hakumtazama Gerishon hata kidogo.

"Imesambaa," aliiambia picha. "Upasuaji wa nini tena? Mrudisheni nyumbani."

Bramwel, mdogo wake Gerishon, alilipokea neno hilo kama mtu aliyepandishwa cheo. Aliteremka kutoka kwake Kitisuru, mtaa wa matajiri, hadi nyumbani kwa kaka yake mtaani Satellite, akaunda kamati ya mazishi, akajiteua mwenyekiti. Wakajadili fahali na hema, huku mgonjwa mwenyewe akikohoa nyuma ya pazia.

Philister hakubishana nao. Alimpeleka mumewe kwa daktari mwingine, Lornah, binti aliyeinuka kwanza akampa mgonjwa kiti chake, ndipo akauliza habari.

"Mama, kwa mwenye saratani ya pafu, uvimbe huu huenda ni saratani iliyosambaa," alisema. "Huenda pia ni mafuta tu. Wengi wanao na hawajui. Hatuhukumu kabla ya kupima."

Akaagiza picha nyingine, na mkojo wa siku nzima ukusanywe kwenye dumu. Tezi ile ikiwa inamwaga homoni kupita kiasi, alieleza, kuichoma sindano ovyo ili kutoa kipande cha kupima kunaweza kupandisha presha na kumuua mtu.

Kamati iliporudi, dumu lilikuwa chini ya meza.

"Mama Millicent, ondoa hili dumu," Bramwel alimwamuru Philister. "Hapa tutaweka picha ya mzee na maua."

"Usiliguse, shemeji. Huo ni mkojo wa marehemu wako."

Mwenyekiti aliruka kama aliyekanyaga siafu.

Asubuhi hii Lornah aliwapokea mlangoni, maana hakutaka waumizwe na wasiwasi hadi wakae. "Ni mafuta, Mzee! Na mkojo hauna neno. Sasa tuikate hiyo saratani ya kwenye pafu."

Waliporudi walikuta kamati imeketi, ikibishana kuhusu rangi ya leso. Gerishon akasimama katikati yao, kidevu kinang'aa.

"Fahali wangu yuko wapi?" akauliza. "Nataka kumla kabla sijaenda kupasuliwa."

Mmoja mmoja wakakumbuka shughuli zao. Bramwel alikuwa wa mwisho, akitafuta viatu vyake kwa kichwa kilichoinama, na Philister akaona macho yake yamelowa. Akamsogezea kiatu kwa mguu.

Gerishon naye aliyaona machozi. Akamshika nduguye bega.

"Njoo tena unione, Bramwel," alisema. "Ila mwenyekiti umwache Kitisuru."