Watu wa Nyumbani Hawatundikwi

Babu alipoacha kushona, hakujua aifanyie nini mikono yake. Macho yalikuwa yamepungua nguvu, uzi hauingii sindanoni hata aulambe vipi, na cherehani ilishahamia kwa baba mdogo. Akawa anazunguka nyumbani akikagua mapindo ya mapazia. Halafu asubuhi moja akaomba ashushiwe karatasi za kaki zilizobaki dukani, akasema anaandika kitabu cha ukoo. Tulidhani ni maneno ya mzee aliyechoka kukaa. Kumbe hatanii.

Aliandika kama alivyokuwa akishona. Dukani kwake kila mteja alikuwa na karatasi yake ya vipimo, imetobolewa juu na kutundikwa kwenye msumari ukutani. Ukirudi hata baada ya miaka, anaishusha, anakuongezea kiunoni, mnaendelea. Basi na ukoo akautundika vivyo hivyo. Chumba cha mbele kilijaa misumari. Mtu mmoja, karatasi moja, maandishi makubwa ya kalamu nene. Baba yake mzazi alikuwa juu ya mlango, wajomba zake upande wa kabati, watoto wake karibu na dirisha. Alianza na mwili ndipo aje kwenye maisha: mabega, urefu, mwendo, halafu kazi, ndoa, ugomvi. Kuhusu ndugu yake mdogo aliandika kwamba alikuwa na mikono mirefu kuliko wote, na yote miwili ya birika.

Kazi yangu ilikuwa kumsomea alichoandika jana yake, kwa sababu mwandiko wake mwenyewe ulikuwa unamshinda. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo nasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Babu hakuwa na haraka. Nikikwama alisubiri, kama alivyokuwa akisubiri mteja avue koti.

Hivyo nilizisoma karatasi zote, na hivyo nilijua kwamba yangu haipo.

Mama yangu alikuwa kibarua dukani, akimshonea Babu vifungo na mapindo. Alipofariki nilikuwa mdogo, bado nalazwa juu ya majora ya vitambaa dukani. Bibi alinichukua jioni ile ile, na tangu hapo hakuna aliyeniuliza kwetu ni wapi. Bibi alipopooza, mtu wa kumgeuza na kumlisha alitakiwa awe nyumbani mchana, nikawa mimi. Alipofariki, hakuna aliyekumbuka kunirudisha shule. Wananiita Kimya, na sijawahi kuona wamenionea kwa jina hilo.

Jumapili alikuja shangazi, binti mkubwa wa Babu, ambaye ni karani wa hospitali na anapenda kila kitu kiwe na mpangilio. Yeye ndiye angezipanga karatasi kabla ya kuzipeleka kuchapwa. Baba mdogo naye alikuja, akasoma yake, akalalamika kwamba kaandikiwa kitambi. Shangazi akamwambia ashukuru, maana hata kisipoandikwa kinajitangaza chenyewe. Tulicheka sote. Ndipo baba mdogo, bila ubaya wowote, akauliza ya Kimya iko wapi.

Shangazi hakuinua macho.

"Kimya ni wetu," alisema. "Lakini kitabu cha ukoo ni cha damu, la sivyo tutaandika mtaa mzima. Tutamweka nyuma, kwenye shukrani, pamoja na fundi wa kuchapa."

Nilimtazama Babu. Alikuwa akihangaika na kifuniko cha kalamu. Nilikusanya vikombe nikaenda kuviosha. Vingine bado vilikuwa na chai.

Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka karatasi kwenye ukuta ule, hata kama ni chini kabisa nyuma ya mlango. Lakini kitu kama hicho mtu hakiombi. Ukipewa baada ya kuomba, unabaki hujui ulipewa au ulihurumiwa. Nikaanza kuitafuta karatasi ya Bibi, nione kama huko nimetajwa walau kwa mstari mmoja. Nilipita msumari kwa msumari. Ya Bibi haikuwepo.

Kumwambia Babu kulinichukua siku kadhaa. Nilikuwa nafungua mdomo, naishia kumuuliza kama chai imepoa. Mwishowe nilisema nikiwa nimempa mgongo, nafuta dirisha.

"Babu, Bibi hayupo."

Akasema yupo, niangalie vizuri hapo hapo nilipo. Nikamsomea majina yote ya ukuta wa dirisha, kisha ya kabati, kisha ya mlangoni. Alinisikiliza hadi mwisho. Akavuta kiti akakaa, akajipapasa shingoni pale palipokuwa pakining'inia futi ya kupimia.

"Watu wa nyumbani hawatundikwi," alisema taratibu. "Bibi yako sikuwahi kumpima. Magauni yake yote nilikata kwa macho. Yako pia."

Kisha akauliza kwa nini nimesema la Bibi tu, na langu nimelimeza. Nikajibu kwamba nilidhani limeshaamuliwa.

"Na nani?"

"Shangazi alisema niwekwe nyuma."

"Shangazi yako anapanga," Babu akasema. "Kukata nakata mimi."

Tulianza na Bibi, yeye akisema, mimi nikiandika. Ilituchukua asubuhi nzima, na mara mbili alitoka nje akidai anaangalia hali ya hewa. Yangu aliiandika mwenyewe, uso ukikaribia kugusa karatasi. Mabega na urefu hakuniuliza. Kilichomshinda ni kile ambacho macho hayakumwonyesha. Akauliza kama shule niliiacha kwa kupenda au waliniachisha. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema nilipenda kumtunza Bibi, na pia nilitaka kurudi, na kwamba sare yangu niliificha muda mrefu nikingoja. Aliandika yote, hakuongeza wala hakupunguza.

Jumapili iliyofuata walikuja tena wote wawili, na shangazi akakuta karatasi mbili mpya mezani. Ya Bibi aliisoma akasimama nayo muda, akajipangusa pua. Ya kwangu aliisoma, akaisoma tena, akasema sawa, kama ndiyo kauli ya baba yake, niwekwe na watoto. Hatabishana. Ila mstari ule wa shule utolewe. Kitabu kitafika kwa wakwe, kitafika kanisani na msikitini, na watu watasema tulimfanya yatima kijakazi. Aliniambia kwa upole kabisa, akinishika mkono. Kama mstari unatoka, karatasi inatundikwa leo hii.

Babu akasema karatasi ni ya mwenyewe, aulizwe mwenyewe.

Walinitazama wote watatu. Nilitamani kukusanya vikombe, lakini chai ilikuwa haijaletwa. Niliona wazi kwamba nikikubali, ukutani atawekwa mtu mwingine mwenye mabega yangu.

"Uachwe," nikasema.

Baba mdogo akanong'ona kwamba Kimya kaongea, watu waanue nguo, mvua inakuja. Hakuna aliyecheka. Shangazi aliachia mkono wangu. Aliilaza karatasi mapajani, akaufuata mstari ule kwa kidole, na mimi nikawa tayari kusikia kwamba basi, nirudi kwenye shukrani.

"Hapa pana kasoro," alisema hatimaye. "Haikuandikwa ni darasa gani."

"La tano."

"Muhula?"

"Wa pili."

Akamnyang'anya Babu kalamu, akaandika pembeni ya mstari kwa mwandiko wake wa ofisini. Kisha akasimama, akauliza yupi wa kusogezwa ili msumari upatikane.